Mhudumu wa afya mwisho wake wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye zahanati za kando ya ziwa

Maswali haya, kuhusu kazi ambazo mhudumu wa afya anaruhusiwa kufanya na zile asizoruhusiwa, nimeyaandika kwa miaka kwenye daftari la kaunta. Mengine niliulizwa koridoni, mengine kwenye pantoni ya Kamanga, mengine kwa simu saa nane usiku. Wanaouliza ni wahudumu wa afya wenyewe, wagonjwa na ndugu zao, na mara mojamoja Mganga Mfawidhi ambaye jibu analo ila anataka alisikie kwa mtu mwingine. Mimi ni muuguzi mkunga. Nilianzia kazi kisiwani, sasa niko bara, upande wa Ilemela. Nimefanya kazi na wahudumu wa afya tangu siku yangu ya kwanza, na kuna usiku ambao bila wao ningelia.

Mhudumu wa afya ni nani hasa? Si ni nesi tu?

Si nesi, ingawa mtaani kila aliyevaa gauni jeupe ni nesi na kila mwanaume mwenye koti ni dokta. Mhudumu wa afya ni kada ya chini kabisa katika utoaji wa huduma ndani ya kituo. Wengi wao walipitia mafunzo ya mwaka mmoja. Juu yake yupo muuguzi mwenye cheti cha miaka miwili, kisha afisa muuguzi msaidizi mwenye stashahada ya miaka mitatu, kisha afisa muuguzi mwenye shahada. Upande wa tiba kuna tabibu msaidizi, tabibu, daktari msaidizi na daktari.

Tofauti kubwa iko kwenye leseni. Muuguzi anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya mwaka 2010. Daktari yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika na sheria ya mwaka 2017. Wa maabara wana baraza lao, wa famasi wana lao. Nikikosea mimi, kuna mahali jina langu limeandikwa, na kuna watu wanaoweza kuniita na kuninyang'anya leseni. Mhudumu hana leseni ya uuguzi. Akikosea kwenye kazi ya muuguzi, swali la kwanza atakaloulizwa halitakuwa "ulikosea vipi". Ataulizwa "ulikuwa unafanya nini pale".

Majina ya zamani nayo yanachanganya. Wazee bado wanasema "RMA" (Rural Medical Aid, mganga msaidizi wa vijijini), na aliyeitwa medical assistant enzi hizo ndiye tabibu wa leo. Kwa hiyo mzee wa Nansio akikwambia kwamba mwaka 1978 alitibiwa na msaidizi wa daktari, usidhani alitibiwa na mtu wa usafi. Yule alikuwa mtaalamu aliyesomea kutibu.

Na WAJA je?

Ni watu wengine kabisa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii kazi yake iko kijijini na mtaani: kuelimisha, kutembelea kaya, kuwapa watu rufaa waje kituoni. Majina yanafanana, na ndiyo maana kila kikao nalazimika kulieleza upya.

Kazi zake zisizo na ubishi ni zipi?

Tangazo lolote la ajira la kada hii litakupa picha. Kusafisha wodi na vyombo, kuwasaidia wasiojiweza kuoga, kula na kujisaidia, kupeleka sampuli maabara, kuandaa vifaa vya kutakaswa, kupeleka nyaraka. Ukisoma haraka utadhani ni kazi ndogo. Njoo usimame sluisi, chumba cha kusafishia vyombo vya wodi, saa kumi na moja alfajiri baada ya usiku wenye wazazi watano uone.

Chukua vifaa vya kuzalishia tu. Vikitoka leba vinaloweshwa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Kama dawa uliyonayo ni ile ya madukani ya asilimia 3.5, unachanganya kipimo kimoja cha dawa na sita vya maji. Ukipunguza dawa, vijidudu vinabaki. Ukizidisha muda, mkasi unaota kutu na makali yanaisha. Baada ya hapo kuosha kwa sabuni na brashi huku umevaa glovu nzito, kusuuza, kukausha, kufunga, kisha otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke) kwenye nyuzi 121 kwa dakika 30 kama vimefungwa, 20 kama viko wazi. Akiharibu mtu wa hatua hii, hakuna ustadi wa daktari utakaomwokoa mama na maambukizi. Mimi mhudumu anayechanganya klorini bila kukisia namthamini kuliko yule anayejua "kutafuta mshipa".

Anaweza pia kupima joto, uzito na urefu akishafundishwa, kumgeuza mgonjwa aliyelala muda mrefu asipate vidonda vya mgongo, kumshika mtoto wakati wa sindano, kuandaa trei na kuita msaada. Hilo la kuita msaada nitalirudia mpaka mnichoke.

Mkataba wangu unamalizia na "kazi nyingine utakazopangiwa na mkuu wako wa kazi". Si inamaanisha naweza kupangiwa chochote?

Hapana. Sentensi hiyo iko kwenye mikataba ya watu wote, hata ya dereva, na hakuna aliyewahi kumpangia dereva amfanyie mgonjwa upasuaji wa ngiri. Kazi nyingine ni zile zinazolingana na kada yako: kuhamia mapokezi wiki hii, kusaidia siku ya chanjo kupanga kadi, kuhesabu mashuka. Haimpi mkuu wako mamlaka ambayo yeye mwenyewe hana, na mamlaka ya kugawa leseni hana.

Naruhusiwa kuchoma sindano?

Hili ndilo swali lenye kurasa nyingi zaidi daftarini, kwa hiyo nivumilie.

Jibu fupi ni hapana. Kutoa dawa kwa sindano ni kazi ya muuguzi au mtaalamu wa tiba mwenye usajili. Jibu refu linaanza kwa kukiri kinachojulikana na kila mtu kanda hii: wahudumu wanachoma. Wanachoma kwa sababu zahanati ina wauguzi wawili, mmoja yuko likizo ya uzazi, mwingine yuko semina Mwanza mjini, na foleni imefika mlangoni.

Kusukuma sindano mkono hujifunza kwa siku moja. Shida haiko mkononi. Iko kwenye dakika tano kabla na dakika tano baada.

Kabla: hii dawa ni ya huyu? Kipimo chake kinalingana na uzito wake? Ameshawahi kuvimba uso baada ya penisilini? Ni ya msuli au ya mshipa? Mtoto huyu achomwe wapi? Mtoto mdogo anachomwa pajani, upande wa mbele na nje, kwa sababu tako lake halina nyama ya kutosha na mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni unapita palepale. Miaka ya mwanzo ya kazi nilipokea mtoto wa kama miaka mitatu, amebebwa mgongoni na bibi yake. Alikuwa na homa wiki mbili nyuma, akachomwa kwinini takoni kwenye kiduka kimoja cha tiba ambacho sitakitaja. Homa ilishuka. Mguu haukurudi. Nilimsimamisha sakafuni, unyayo wa kushoto ukaanguka kama kandambili iliyokatika kamba. Bibi akaniambia, "Mayu, alichoma nesi mzuri sana, hata mtoto hakulia." Baadaye tulijua hakuwa nesi, alikuwa kijana wa usafi ambaye mwenye duka alimwachia funguo. Mtoto hakulia, kweli, na mkono wa yule kijana ulikuwa mwepesi. Aliyemfundisha kuchoma hakumfundisha kilicho chini ya ngozi.

Baada: mgonjwa akianza kujikuna, midomo ikavimba, pumzi ikapiga filimbi, presha ikaanguka, una dakika chache. Mtu mzima anahitaji adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, alazwe, miguu iinuliwe, oksijeni iletwe. Muuguzi aliyefunzwa mkono wake unakimbilia trei ya dharura kabla akili haijamaliza kufikiri. Mhudumu atakimbilia mlangoni kuita mtu. Kuita ndiko sahihi kwake, lakini basi asingekuwa peke yake na sindano tangu mwanzo.

Dripu nayo? Maana maji ni maji tu.

Ningekuwa na shilingi kwa kila mara niliyosikia "maji ni maji tu", ningenunua boti.

Kuweka kanula, kile kimrija cha mshipani, si kazi yako. Kubadilisha chupa iliyoisha nayo si kazi yako, hata kama umeiona ikibadilishwa mara elfu. Chupa zinafanana lakini ndani hazifanani. Ringa, aina mojawapo ya maji ya dripu, ina kalisi, na antibayotiki ya seftriaksoni haitakiwi kukutana na kalisi kwenye mrija mmoja; vikikutana vinaganda chembechembe, na kwa kichanga hilo linaua. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akiongezewa maji kwa kasi ya mtu mzima anajaa, moyo unashindwa, na mama yake anaona tu kwamba "alikuwa anaendelea vizuri mpaka alipowekewa dripu". Kasi ya matone ni dozi, kama vidonge vilivyo dozi.

Unachoweza, na ninakuomba ufanye: angalia. Chupa inakaribia kuisha, ita. Mkono umevimba pale kanula ilipo, ita. Mgonjwa anatetemeka, anahema, anasema anajisikia vibaya, ita upesi. Ndugu wa mgonjwa ameongeza kasi kwa kuzungusha kile kigurudumu ili "waende nyumbani mapema", hilo nalo sema. Hutokea kila wiki.

Usiku niko peke yangu, mvuvi ameletwa na ndoano mkononi. Nifanye nini?

Hili liliulizwa na kijana wa zahanati ya ufukweni, na sikuwa na haja ya kuuliza ni ndoano gani. Ndoano ya sangara ina ukubwa wa kidole, na ncha yake ina mwiba unaotazama nyuma. Wenzake mtumbwini huwa wameshajaribu kuivuta, kwa hiyo anafika na nyama imechanika.

Usiivute. Mkae chini, maana mtu mzima akiona damu yake huanguka. Vaa glovu. Kama inavuja, bana pembeni kwa gozi safi bila kuisukuma ndoano. Kata uzi wa mshipi uache kipande kifupi. Osha kuzunguka kwa maji safi na sabuni, kisha funika. Mvue pete kabla kidole hakijavimba. Huku hayo yakiendelea simu iko sikioni, unamwita mtaalamu wa zamu, na kama haji, unamwita Mganga Mfawidhi hata kama amelala. Ganzi, kisu, kushona, sindano ya pepopunda, kuamua kama msuli wa kidole umekatika: hayo yanamngoja mwenye leseni.

Yule kijana akaniuliza, "Na kama hapokei simu?" Basi unampigia anayefuata, na unaandika saa. Saa 6:40 nimempigia, hakupokea. Saa 6:45 nimempigia fulani. Andika kwenye kitabu cha ripoti kwa kalamu, si kwenye kiganja. Mgonjwa akizidiwa unatafuta usafiri wa kumpeleka kituo cha juu, na maandishi hayo yanakwenda naye.

Mama amefika na uchungu, mkunga hayupo. Nimpime njia?

Usimpime. Kuingiza vidole ukeni bila kujua unachotafuta ni kupeleka vijidudu juu bure, na kama damu inatoka kwa sababu kondo limetangulia chini, kidole chako kinaweza kufungua bomba.

Muulize mimba ni ya ngapi, uchungu umeanza lini, chupa imepasuka, damu inatoka. Angalia kadi yake. Piga simu. Kwa mjamzito, aliyetoka kujifungua au kichanga kwenye hali ya hatari kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, namba 115, haina gharama. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, gari la wagonjwa linalotoka Sengerema halingojei tena kivuko, na waliozaa foleni ya pantoni wanajua nazungumzia nini. Wa visiwani bado ni boti na hali ya ziwa, kwa hiyo wa visiwani anzeni kupiga mapema kuliko mnavyodhani inafaa.

Kichwa cha mtoto kikishaonekana, hapo hakuna kanuni itakayokuambia uondoke. Osha mikono, vaa glovu, usivute, pokea. Mkaushe mtoto kwa nguvu kidogo kwa nguo kavu, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili. Asipolia, endelea kumkausha na kumsugua mgongo huku ukipiga kelele ya msaada. Oksitosini usimchome, na kamba ya kondo usiivute. Huo ni msaada wa dharura ambao hata jirani angeutoa. Haukufanyi mkunga kesho yake asubuhi, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wamepokea mtoto mmoja salama, wa pili wanamngoja.

Kupima presha na sukari, kipimo cha malaria?

Kupima presha kwa mashine, ukifundishwa na ukasimamiwa, sawa. Kutafsiri, hapana. Mama mjamzito anakaa kwenye benchi, anasema kichwa kinauma na anaona kama nyota. Unapima, mashine inaandika 168/112. Usimwambie "una presha kidogo, pumzika". Usimwambie lolote la ugonjwa. Unaandika namba, unaondoka na kile kikaratasi kwa mwendo wa haraka mpaka kwa muuguzi, na unampita kila mtu kwenye foleni. Kwa mjamzito, 160 kwa 110 na kuendelea ni dharura. Huhitaji kujua kuitibu, unahitaji kujua kwamba namba hiyo haikai mfukoni.

Kipimo cha haraka cha malaria kinaonekana chepesi: tone la damu, matone ya kimiminika, unasubiri dakika zilizoandikwa kwenye boksi, unasoma mistari. Makosa yako kwenye kusubiri. Mtu anasoma mapema kwa sababu foleni ni ndefu, au anasahau anasoma baada ya saa nzima. Afanye aliyefunzwa na kupewa kazi hiyo. Na jibu likiwa chanya, asiwe yeye wa kusema "nenda kachukue mseto". Huenda huyo mtoto ameshadegedeka nyumbani na mseto si dawa yake leo. Anahitaji atesuneti ya sindano na kitanda.

Mpira wa mkojo, kushona, kutoa nyuzi, kufunga kidonda?

Mpira: hapana. Ukijaza maji puto lake likiwa bado ndani ya njia ya mkojo, unaipasua njia, na mzee wa watu atabeba mpira huo miaka. Kuumwaga mfuko ukijaa, kupima mkojo na kuandika kiasi na rangi: ndiyo, na ni msaada mkubwa. Huku kwetu ukiona mkojo una damu, usikimbilie kusema kichocho. Andika "mwekundu", mwachie tabibu.

Kushona: hapana. Kutoa nyuzi: hapana, hata zikiwa mbili. Kufunga kidonda kikavu upya chini ya macho ya muuguzi, wengi wanaruhusu na mimi naruhusu. Kidonda kinachotoa usaha, cha kisukari au cha moto, simwachii mtu akiguse kwa niaba yangu.

Mkuu wangu ameniamuru nichome sindano. Nikikataa nitaonekana mkaidi.

Najua. Nimekuwa pande zote mbili za amri hiyo, na nakiri kwamba kuna mchana mmoja kisiwani nilimwachia mhudumu trei ya sindano nikaenda leba, kwa sababu mama alikuwa anatokwa damu na mimi nilikuwa mmoja. Hakuna kilichoharibika. Kwa miaka nilijivunia kwamba hakuna kilichoharibika. Siku hizi nikikumbuka sijivunii.

Kukataa kuna namna yake. Usikatae mbele ya wagonjwa, usikatae kwa kununa. Sema: "Dokta, samahani, hiyo sijaidhinishwa. Naandaa trei, namleta mgonjwa, namshika, wewe unachoma. Tutamaliza haraka." Umemkatalia kitu kimoja ukampa vinne. Wengi wanakubali papo hapo, maana walikuwa wamechoka, hawakuwa wabaya.

Akisisitiza, mwombe aandike kwenye kitabu kwamba amekupangia, aweke saini. Sijaona aliyeandika. Ikiwa ni tabia ya kila siku, peleka kwa msimamizi wa wauguzi, kisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na useme tatizo kwa jina lake: watumishi hawatoshi zamu ya usiku. Ukisema "fulani ananionea" inakuwa ugomvi wa watu wawili. Ukisema "zamu nne mfululizo hakuna muuguzi", hiyo ni taarifa, na kamati ya kituo inaweza kuijadili.

Nina miaka 22 kazini. Hawa wauguzi wapya mimi ndiye ninayewaonyesha mshipa. Kwa nini wao waruhusiwe mimi nisiruhusiwe?

Swali hili linauma na sitalijibu kwa dharau. Mama mmoja aliniuliza huku ananionyesha mikono yake, imepauka kwa klorini.

Uzoefu wako ni wa kweli. Ila ni uzoefu wa mambo yaliyokwenda sawa, kwa sababu yalipoharibika mtu mwingine alikuja akakupisha. Miaka 22 ya kukaa kiti cha abiria unajua kila kona ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, na bado trafiki atataka leseni.

Mipaka yenyewe haikushuka kutoka mbinguni, huwa inasogezwa. Tanzania ilianza kufundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963, na kwa miongo mingi wao ndio waliowafanyia akina mama upasuaji wa uzazi kwenye hospitali za wilaya ambako daktari hakuwepo. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kugawana majukumu kati ya kada. Lakini tazama mpaka unavyosogezwa: kwa mafunzo, kwa maandishi na kwa usimamizi. Hausogezwi kwa sababu Sista ameenda kunywa chai.

Binamu yangu yuko Marekani, ni msaidizi wa kliniki, na anachoma sindano kila siku. Kwa nini huku isiwe hivyo?

Kwanza huko kila jimbo lina lake. California, kwa mfano, inamruhusu msaidizi wa aina hiyo kuchoma sindano za msuli, chini ya ngozi na ndani ya ngozi, lakini baada ya saa 10 za mafunzo ya sindano peke yake na kuchoma mara 10 kwa kila aina akiangaliwa, na daktari au msimamizi mwingine mwenye leseni awepo jengoni. Kuweka dripu hawaruhusiwi. Kutafsiri majibu hawaruhusiwi. Kwa hiyo hata huko kuna mwisho, ni kwamba umewekwa mahali pengine na umeandikwa. Binamu akija likizo Buhongwa, ruhusa yake aiache uwanja wa ndege.

Naweza kuuza dawa kwenye Duka la Dawa Muhimu?

Unaweza, ukisoma kozi ya watoa dawa wa DLDM na ukapata cheti chake. Utauza dawa zilizo kwenye orodha ya maduka hayo tu. Kumchomea mteja sindano dukani hairuhusiwi, hata akija na dawa yake, hata akiwa shemeji.

Mimi ni mgonjwa. Nitajuaje anayenihudumia ni nani, na nikilalamika si nitanyimwa huduma?

Uliza. "Samahani Sista, jina lako nani, na wewe ni muuguzi?" Mwenye leseni hachukii swali hilo, na akichukia, jibu umeshalipata. Angalia kitambulisho kifuani. Unaweza pia kuuliza dawa hii ni ya nini kabla haijaingia mwilini.

Malalamiko yanaanzia kwa Mganga Mfawidhi, au sanduku la maoni kama humwamini, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya. Sema tarehe, saa na kilichofanyika. Usiseme "wanatutesa", hakuna anayeweza kuchunguza "wanatutesa".

Na nikuombe kitu kama mgonjwa: usimshawishi mhudumu. Nusu ya sindano ninazozisikia zilianza na mtu aliyesema, "Nichome wewe tu dada, hawa wengine wanachelewa, nawahi soko la Kirumba."

Nimejichoma na sindano iliyotumika wakati wa kusafisha.

Acha kusoma. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiikamue damu, mwambie muuguzi sasa hivi. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze mapema, ndani ya saa 72 na si zaidi, na unazimeza siku 28. Ukificha kwa kuogopa kuulizwa "ulikuwa unafanya nini na sindano", saa zinakwenda. Na aliyeiacha sindano kwenye shuka badala ya sefti boksi ndiye wa kuulizwa, si wewe. Boksi lifungwe likifika robo tatu, lisishindiliwe.

Nataka nitoke kwenye uhudumu niwe muuguzi. Nianzie wapi?

Matokeo ya kidato cha nne kwanza, Kemia na Baiolojia ziwepo. Kama hazipo, rudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, wenzako wamefanya wakiwa na watoto wanne. Kanda hii kuna vyuo Bugando, Sumve na Sengerema. Angalia sifa za mwaka husika NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kabla hujalipa ada ya mtu yeyote. Na ukiona bango la "kozi ya sindano na dripu, wiki mbili, cheti", lipite kama unavyolipita bango la mganga wa kurudisha mpenzi.

Omba ruhusa ya masomo kwa barua mapema. Yule mama wa mikono iliyopauka alichelewa kuomba, lakini binti yake yuko mwaka wa pili.

Jirani amenunua sindano dukani ananigongea mlango usiku, nimchome nyumbani. Ni jirani yangu, nitamkataliaje?

Mfungulie mlango, mpe kiti. Chukua ile chupa usome tarehe, kisha mvalishe kitenge umsindikize zahanati kwa miguu. Ukiwa na tochi, beba.